Reli ya mfano: mabehewa yanaanguka kwenye viungo vya meza

Wakuu, tuko wanne hapa Mwanza, tunajenga stesheni na gati kwa maonyesho, skeli 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi), meza nne za plaiwudi. Tukiziunganisha, mabehewa yanaanguka kiungoni. Shida nini?

— Unyevu wa ziwa umepinda plaiwudi. Paka vanishi pande zote, hasa kingo. Bolti peke yake hucheza ndani ya tundu; ongeza pini mbili za chuma zinazobana.

— Mwisho wa kila reli, piga skrubu za shaba, lehemu reli juu yake. Kata reli kiungoni kwa msumeno mwembamba meza zikiwa zimefungwa tayari. Ukikata kabla, hazilingani kamwe.

— Mmetumia njia yenye upana wa milimita 16.5 kati ya reli mbili? Reli ya zamani ya Mwanza ina upana wa mita moja, hivyo kwa skeli yenu milimita 12 ndiyo sahihi.

— Asanteni, kumbe ni kingo! Hatukuzipaka.