Naomba ushauri: vumbi la marumaru na granaiti kwenye zege

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya zege. Hapa jirani na site kuna karakana ya kukata marumaru na granaiti, lile tope la mashine likikauka linakuwa unga laini kama poda na wanalitupa tu. Nataka kulitumia kwenye zege la sakafu ya nje inayokaa na maji muda wote, maana nasikia unga ule unaziba vitundu vidogo na maji hayapenyi kirahisi.

Sasa swali, nipunguze saruji au nipunguze mchanga? Mi naona mchanga ndo salama, kama asilimia 10 hivi, kwa sababu unga wa marumaru ni chokaa ghafi tu haushiki kama saruji. Shida nyingine unanyonya maji balaa, zege linakuwa gumu kumwaga na fundi anataka kuongeza maji (mafundi bwana!), nikimkubalia si nguvu inashuka? Au nitafute ile dawa ya kulainisha zege?

Na vipande vya granaiti vikipondwa vinafaa kuwa kokoto? Barakoa ninazo, vumbi lile si la kuvuta.