Mrejesho: Binti aliyekuwa akililia penseli

Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka minne, ambaye hapa kwetu Tukuyu huzungumza Kinyakyusa na bibi yake, na ambaye alikuwa akilia kila aliposhikishwa penseli. Nilifuata ushauri wa kuiweka penseli kando kwanza: tukawa tunamenya maharage mabichi pamoja, kazi inayokomaza vidole, huku nikimtajia kwa Kiswahili ganda, punje na ungo, naye akinijibu kwa Kinyakyusa, jambo ambalo sikulizuia. Baadaye alianza kuchora irabu tano kwa kijiti kwenye majivu. Herufi “e” bado huigeuza, lakini juzi aliandika “ua” peke yake, akanivuta mkono hadi bustanini kunionyesha ua la boga.