Mafuta ya CBD kwa mbwa mwenye kifafa: je, ni salama, na yanaruhusiwa Uganda?

Mfugaji, Entebbe: Ndugu wafugaji, mbwa wangu ana kifafa na hupewa fenobabitali, dawa ya kuzuia mishtuko ya kifafa, asubuhi na jioni kwa agizo la daktari wa mifugo. Jamaa yangu aliye Marekani anataka kuniletea mafuta ya CBD, kemikali itokanayo na mmea wa bangi, akisema kwamba ni ya mimea na kwa hiyo hayadhuru. Je, naweza kumpa pamoja na dawa yake?

Daktari wa mifugo, Mbarara: Usimpe kabla hajapimwa. CBD na fenobabitali zote hushughulikiwa na ini, na CBD inaweza kuzuia vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine mwilini. Kila moja pia hupandisha kimeng'enya cha ini kiitwacho ALP, hivyo kipimo kikionyesha kimepanda itakuwa vigumu kujua chanzo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado uliochapishwa mwaka 2019, ambamo mbwa wenye kifafa walipewa CBD juu ya dawa zao za kawaida, ulionyesha kwamba mishtuko ilipungua, lakini idadi ya mbwa waliopata nafuu ya nusu au zaidi haikutofautiana na ya wale waliopewa mafuta matupu yasiyo na CBD. Hayo ni matumaini, si tiba. Na tafadhali, usikatishe fenobabitali ghafla, kwa maana mishtuko inaweza kufululiza bila kukoma.

Mfamasia, Kampala: Naongezea upande wa sheria. Hapa dawa za mifugo, kama za binadamu, husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na bangi inadhibitiwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2023. Kile kiwango cha THC, kemikali ya bangi inayolevya, cha asilimia 0.3 kinachoandikwa kwenye chupa ni cha sheria ya Marekani ya mwaka 2018. Hakimlindi msafiri anayekaguliwa Entebbe. Huko Marekani kwenyewe FDA, mamlaka yao ya dawa, haijaidhinisha CBD yoyote kwa wanyama: Epidiolex, dawa ya CBD iliyoidhinishwa mwaka 2018, ni ya binadamu. Chupa isiyokaguliwa inaweza kuwa na THC nyingi kuliko inavyodai, na THC humfanya mbwa ayumbe, alegee na kujikojolea.

Mfugaji, Entebbe: Asanteni sana. Nitamwambia jamaa yangu asiyabebe. Je, kuna la kufanya ikiwa mishtuko bado inamrudia?

Daktari wa mifugo, Mbarara: Lipo. Andika tarehe na muda wa kila mshtuko, kisha mwombe daktari wako apime kiwango cha fenobabitali katika damu, kwa sababu mara nyingi ni dozi inayohitaji kurekebishwa.