Mrejesho: mshahara na kamisheni ya muuzaji wa leso

Shukran jamani, hesabu imekubali. Swali lilikuwa mapato ya muuzaji wa leso hapa Biashara Street, Mombasa: mshahara sh. 18,000 kwa mwezi, na kamisheni 4% ya mauzo yanayozidi sh. 100,000.

Mauzo ya mwezi (x) yakifika 100,000 kwenda juu, mapato yake (y) ni:

y = 18,000 + 0.04(x − 100,000)
yaani y = 14,000 + 0.04x

Hiyo 14,000 isimtishe mtu. Si mshahara uliokatwa, ni pale mstari ungegusa mhimili wa y kama ungerefushwa nyuma. Chini ya 100,000 grafu inalala tu kwenye 18,000.

Akitaka 30,000 lazima auze za 400,000. Ukisahau kizingiti cha 100,000 utapata jibu la mauzo ya 300,000, na hapo atalipwa 26,000 tu. Leso zilizorudishwa zitolewe kwenye x kwanza.