Nyanya zinaoza mu mvua, nipande nini?

Papa wa Kadutu: Jambo ba ndugu, niko na kaparsele kadogo hapa Bukavu, kila mvua ikianza Septemba nyanya zangu majani yanapata madoa meusi, matunda yanaoza hata mbele ziive, niache nyanya ama kuko dawa?

Mama Jardini: Papa, inafanana na mildiu, ugonjwa wa kuvu, inapenda baridi na majani yenye kulowana. Tengeneza kapaa ka plastiki juu, kata majani ya chini, maji umwange ku shina tu. Mi nyanya napanda mwezi wa 5, mvua ikienda kuisha, Juni mpaka Agosti namwangilia asubui, njo zinatoka muzuri.

Wa Goma: Huku kwetu ni mawe ya volkano, maji inapita tu, napanda mu mifuko na mboleo. Mu mvua weka mashu (kabichi), puaro (jamaa ya kitunguu), karoti, baridi haizisumbue. Ila karoti usihamishe, mizizi itapindana, mbegu panda palepale.

Papa wa Kadutu: Aksanti sana. Na kuku za jirani?

Mama Jardini: Hahaha, ile plastiki haisaidie, enda muongee.