Nimeletewa samansi ya deni la mashine ya boti la 2015

Mvuvi_Sahare
Habari za jioni wadau. Niko Tanga, Sahare. Mwaka 2015 nilichukua mashine ya boti kwa mkopo kwenye duka moja la mjini, milioni nne na nusu, nilipe kidogo kidogo. Hadi Novemba 2016 ilikuwa imebaki milioni moja na laki tisa. Mashine ikafa, mwenye duka naye akahama, kimya. Juzi nimeletewa samansi ya Mahakama ya Wilaya na hati ya madai: wanataka milioni saba na ushee, wanasema ni pamoja na riba. Mkataba ninao, mende wameula pembeni lakini unasomeka, na hauna neno riba popote.

Kuna kijana wao ananipigia kila asubuhi: "Mzee, tuma hata elfu hamsini kwenye simu kuonyesha nia njema, kesi tutaiondoa." Mama watoto anasema nitume yaishe. Nitume?

Karani_Mstaafu
Usitume hata shilingi! Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mdai wa mkataba miaka 6 ya kufungua kesi. Ukilipa sehemu, au ukiandika na kusaini kwamba unadaiwa, hesabu inaanza upya. Huyo kijana hakupigii kwa mapenzi.

Ila usikae kimya. Una siku 21 tangu ulipopokea samansi kupeleka majibu yako kwa maandishi. Usipopeleka wanaomba kuendelea upande mmoja, na hukumu inatoka wewe uko majini. Kama muda umepita, weka pingamizi la awali, yaani hoja ya kuomba kesi itupwe kabla haijasikilizwa. Kesi iliyopitwa na muda hutupwa.

Bi_Ngamiani
Deni halifi, kaka. Samaki uliuza, watu wa watu wanadai chao. Ukomo wa mahakamani akhera haupo.

Mvuvi_Sahare
Dada, sijakataa ile moja na laki tisa. Nakataa saba. Karani, kuna jambo: mdogo wangu aliwahi kumtumia mwenye duka laki moja kwa niaba yangu, nilimwomba mwenyewe.

Karani_Mstaafu
Lini? Na kesi imefunguliwa lini? Tazama muhuri wa mahakama kwenye hati ya madai, usitazame tarehe uliyoletewa.

Mvuvi_Sahare
Alituma Mei 2019. Muhuri ni wa Machi 2025.

Karani_Mstaafu
Aah. Basi wamewahi, kwa miezi miwili tu. Malipo yale yalifanyika kabla miaka 6 ya kwanza haijaisha, tena kwa kutumwa na wewe, kwa hiyo watahesabu kuanzia hapo. Pingamizi la ukomo mwonyeshe wakili kwanza, usilitegemee peke yake.

Nguvu yako iko kwenye mkataba. Jibu hati yao aya kwa aya: hapa nakubali, hapa nakataa. Kwenye riba, kataa na uwatake waonyeshe kifungu. Toa nakala za mkataba na risiti zote, halisi zibaki kwako. Kesi za madai hupitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Ukiwa na makaratasi yako pale, hiyo moja na laki nane iliyobaki ukitoa laki ya mdogo wako unaweza kuomba uilipe kwa awamu, na makubaliano yaandikwe mahakamani. Huna hela ya wakili? Uliza pale pale mahakamani wasaidizi wa kisheria wanapatikana wapi.

Na yule kijana akipiga, mwambie maneno yote ayapeleke kwa hakimu.

Bi_Ngamiani
Moja na laki nane hiyo ndiyo haki. Hapo sina neno.