Naomba ushauri: majarida ya gemu za zamani na kaseti za RPG, nirudi navyo Tanga au niviache Uingereza?

Mwana_wa_Chumbageni aliandika:

Assalamu alaykum na habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini kwangu limekuwa likinikosesha usingizi tangu tuanze kufunga mizigo.

Familia yetu ilihamia Leicester mwaka 1993, mimi nikiwa na umri wa miaka tisa na kaka yangu kumi na minne. Mwezi wa Oktoba, inshallah, ninarejea Tanga moja kwa moja, na katika chumba cha juu yamo masanduku matatu ambayo kaka aliyaacha alipokwenda kufanya kazi Muscat. Mawili yamejaa majarida ya gemu, hasa Super Play, lililochapishwa na Future Publishing ya mjini Bath kuanzia Novemba 1992 hadi Septemba 1996. Yalitoka matoleo 47, nasi tunayo 41. Sanduku la tatu lina mashine ya gemu ya Super Nintendo ya Kimarekani, transfoma yake ya kupunguza umeme, na kaseti kumi na moja ambazo nyingi ni gemu za RPG, yaani gemu ndefu za hadithi ambazo mchezaji huwaongoza wahusika wake.

Aliyekulia Marekani au Japani huenda asielewe kwa nini kwetu sisi jarida lilikuwa na uzito sawa na gemu yenyewe. RPG iitwayo Chrono Trigger ilitoka Japani mwezi Machi 1995 na Marekani mwezi Agosti mwaka huohuo, lakini Ulaya haikuuzwa kwa ajili ya mashine hiyo hata siku moja, na wachezaji wa huku walisubiri hadi mwaka 2009 ilipoletwa kwenye Nintendo DS, mashine ndogo ya mkononi. Final Fantasy VI, RPG nyingine, nayo ilitupita vivyo hivyo, na katika mfululizo mkuu wa Final Fantasy gemu ya kwanza kuuzwa Ulaya ilikuwa ya saba, mwaka 1997. Super Play ndilo lililoziandika gemu hizi za ng'ambo kwa kina na kwa mapenzi, na majalada yake yalichorwa na Wil Overton kwa mtindo wa katuni za Kijapani. Tulikuwa tukilala kifudifudi juu ya zulia, mimi nikisoma kwa sauti na kaka akinisahihisha matamshi, na neno ambalo sote wawili hatukulijua tulilitafuta kwenye kamusi, kisha tukaandika maana yake ya Kiswahili pembeni mwa ukurasa kwa penseli. Tuliifahamu Chrono Trigger kwa picha ndogo zenye ukubwa wa stempu kwa muda mrefu kabla ya kuusikia muziki wake.

Mwaka 1996 kaka alikuwa amejikusanyia fedha za kazi ya Jumamosi, akainunua mashine ya Kimarekani pamoja na kaseti ya Chrono Trigger. Gemu inakuruhusu kubadilisha majina ya wahusika, ila kila jina lisizidi herufi tano. Shujaa akaitwa Salim, mhandisi akaitwa Zuhra kwa jina la binamu yetu, mimi Mwanaidi nikakatwa nikawa Mwana, na yule mpiganaji mwenye umbo la chura, anayezungumza Kiingereza cha kale chenye adabu nyingi, akapewa jina la Babu kwa heshima kamili. Rekodi ile ya mchezo, yaani pale tulipofikia tukahifadhi, bado imo ndani ya kaseti.

Kaka anasema niuze vyote. Mimi ninataka kuvichukua, lakini ninaikumbuka vizuri hewa ya chumvi ya Tanga na namna ilivyoyala madaftari ya marehemu mama. Je, karatasi hizi zitastahimili? Je, rekodi ya kaseti itadumu hadi lini? Au niyatoe majarida mahali patakapoyafaa?

Mtunza_Nyaraka (Dar es Salaam) alijibu:

Dada Mwana, wa alaykum salaam. Kazi yangu ni ya nyaraka, kwa hiyo nitazungumzia karatasi peke yake.

Majarida ya aina hiyo huchapishwa kwenye karatasi zilizopakwa udongo mweupe ili zing'ae. Karatasi hiyo ni nzuri kwa picha, lakini ikilowana kisha ikakauka ikiwa imebanwa, kurasa hugandana kama zilizopakwa gundi, na ukizibandua picha huondoka pamoja nazo. Kwa sababu hiyo hatari kubwa zaidi kwako haiko Tanga, iko njiani. Ndani ya kontena la meli joto hupanda mchana na kushuka usiku, unyevu ukajikusanya kwenye dari ya chuma na kudondoka juu ya mizigo. Majarida utakayoyachukua yasafiri nawe kwenye ndege, hata kama itakulazimu kupunguza idadi yake.

Ukishafika, epuka maboksi ya dukani, kwa kuwa yana asidi, hufyonza unyevu na ndani ya mikunjo yake mende hutaga mayai. Tumia makontena ya plastiki yenye mfuniko unaobana, lakini uyafunge siku ambayo karatasi zimekauka kweli, na utie ndani vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, ambavyo utavikausha au kuvibadilisha kila baada ya miezi michache. Yaweke kwenye chumba cha ndani, juu ya rafu, mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Pini zilizoshika kutu ziondolewe kwa mkono na kwa subira, na mahali palipochanika usipabandike selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka rangi na kupenya hadi upande wa pili.

Nakuomba pia uyashushe kutoka chumba cha juu wiki hii. Joto la chini ya paa wakati wa kiangazi limekuwa likiyazeesha miaka yote hiyo.

Fundi_Likoni alijibu:

Kuhusu kaseti, dada, usichelewe. Rekodi za gemu za Super Nintendo hukaa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote, na umeme huo hutoka kwenye betri ndogo ya duara ya volti 3, aina ya CR2032, iliyolehemewa ndani ya kaseti. Kaseti yako ina takriban miaka thelathini. Nimewahi kufungua za umri huo nikazikuta bado hai, na nimefungua nyingine zilizokwisha kabisa. Betri ikifa, gemu yenyewe haidhuriki, lakini Salim, Zuhra, Mwana na Babu wataondoka.

Watu wengi hukosea hapa: hukimbilia kubadilisha betri, na pale wanapoitoa ya zamani wanaifuta rekodi waliyotaka kuiokoa. Anza kwa kuinakili. Vipo vifaa vya kusomea kaseti vinavyounganishwa na kompyuta, ambavyo hutoa faili ya rekodi bila kuigusa betri. Ukishaipata, ihifadhi katika sehemu zaidi ya moja. Baada ya hapo kaseti ifunguliwe kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, iwekwe betri mpya iliyokwisha kupachikwa vibati vya kulehemea, maana kuilehemu betri yenyewe moja kwa moja kwa moto ni hatari, kisha ile faili irudishwe ndani. Mchezo utaendelea palepale mlipouachia.

Transfoma yako njoo nayo, kwani umeme wa Tanga na wa Uingereza ni wa volti zinazokaribiana.

Mkaazi_wa_Sheffield alijibu:

Mimi ninaona majarida yabaki huku. Mjini kwetu ipo makumbusho ya gemu, National Videogame Museum, na si mbali na Leicester. Waandikie kwanza uwaulize kama wanayahitaji, usiwapelekee masanduku bila taarifa. Marekani ipo taasisi ya kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, iliyofungua maktaba yake ya mtandaoni Januari 2025 ikiwa na zaidi ya matoleo 1,500 ya majarida ya gemu ambayo mtu anaweza kuyapekua kwa neno. Taasisi hiyohiyo ilitoa utafiti mwaka 2023 ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Gemu zinapotoweka kwa kiasi hicho, jarida ndilo linalobaki kueleza zilivyokuwa na watu walivyozipokea. Kuyachukua majarida 41 na kuyafungia chumbani Tanga, ambako hakuna mtafiti atakayeyafikia, naliona ni jambo la kusikitisha.

Kariakoo_1986 alijibu:

Ndugu wa Sheffield, ninakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Kwa nini Tanga pawe mahali pa kufungia vitu?

Sisi tuliokulia Dar tulizijua gemu kwenye vibanda, tukilipia PlayStation kwa dakika. Gemu za mpira na za ngumi zilifaa kwa biashara hiyo, kwa sababu mchezo huisha na mwingine huingia. RPG ya saa arobaini, iliyojaa maandishi ya Kiingereza na kuhitaji kuhifadhiwa kila jioni, haikuwa na nafasi pale. Kijana mmoja mtaani kwetu alikuwa na Final Fantasy VII, diski zake tatu zote, lakini hakuwa na kadi ya kumbukumbu. Alianza upya kila siku ya mapumziko, na hakuwahi kulipita jiji la Midgar, ambako mchezo huanzia. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma yake nikitazama. Nilipokuja kuimaliza gemu hiyo nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilipofika pale nje ya jiji, ramani ya dunia ilipofunguka na muziki ukabadilika, nilimkumbuka yeye.

Kwa hiyo dada, matoleo ya Super Play yaliyokwisha kuskaniwa na watu wengine yapo, na mtafiti atayaona huko. Lakini hayo yenu yana penseli. Watoto wawili wa Kitanga waliojifunza Kiingereza kwa kusoma habari za gemu ambazo hawakuweza kuzinunua, wakaandika maana kwa Kiswahili pembeni ya ukurasa: hilo halimo katika maktaba yoyote. Pekua majarida yote, ukurasa kwa ukurasa, uyatenge yenye mwandiko wenu. Hayo usimpe mtu.

Mwana_wa_Chumbageni aliandika:

Ndugu zangu, nimewasoma nyote zaidi ya mara moja. Jana nimeyashusha masanduku na kuyapekua hadi usiku wa manane. Majarida yenye penseli ni kumi na tisa. Katika mojawapo kaka ameandika neno "uaminifu" mara tatu, kila mara kwa tahajia tofauti, na chini yake mimi nimeandika lile sahihi na kulipigia mstari. Hayo kumi na tisa yatasafiri nami kwenye ndege. Kuhusu ishirini na mawili yaliyobaki nimeandika barua Sheffield, nami ninasubiri jibu.

Baadaye nikaiwasha mashine. Rekodi ipo, majina yote yapo, na Babu bado amesimama nyuma ya Salim. Nilipiga picha nikamtumia kaka. Alinipigia simu baada ya dakika chache, na neno la kwanza aliloniuliza halikuhusu bei. Aliniuliza kama nimeigusa betri.

Fundi wa Likoni, kaka anataka kuja Tanga Desemba, na ameomba kifaa hicho cha kunakili akinunue yeye. Tafadhali tueleze ni kipi kinachofaa kwa kaseti za Kimarekani, na kama wewe mwenyewe utakubali kuifanya kazi ya kulehemu tukikuletea kaseti Mombasa.

Fundi_Likoni alijibu:

Nitaifanya, dada. Nitawaandikia aina ya kifaa leo jioni. Hadi siku hiyo msiifungue kaseti, na msimruhusu mtoto aanze mchezo mpya juu ya rekodi hiyo.